Fundi wa Kwahani anayesoma taa za pikapu Guangzhou

Saa mbili asubuhi, kwenye gereji alikoajiriwa mjini Guangzhou, Hafidh Pandu anakunja kipande cha waya, anakichomeka kwenye kisanduku kidogo chini ya boneti, kisha anaingia na kukaa nyuma ya usukani wa pikapu ya mwaka 1995. Anafungua swichi bila kuwasha injini. Anaitazama taa ya njano yenye picha ya injini.

Taa inawaka na kuzima mara mbili. Inatulia. Inawaka na kuzima mara tano.

“Mbili, tano,” anasema, na kujifuta jasho kwa kiwiko. “Injini inalalamika kwamba hewa ni nyingi, mafuta machache. Haisemi kwa nini. Hilo unatafuta mwenyewe.”

Ni mwanzoni mwa Oktoba 2007, Ramadhani imeingia kumi la mwisho, na joto la Guangzhou halijapungua. Hafidh, mwenye umri wa miaka 43, mzaliwa wa Kwahani, Unguja, amefunga. Midomo imemkauka. Nyuma ya pikapu kuna marobota kumi na manne ya jinzi za watoto kutoka viwanda vya Xintang.

Mzigo ni wa Kuluthumu, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, ambaye amesimama kando akiangalia simu yake.

“Kaka Hafidh, kagoo ya uwanja wa ndege wa Baiyun wanafunga kupokea mizigo saa nane mchana,” anasema. “Ndege ikiniacha leo, nguo zinafika Idd imepita. Nani atamnunulia mtoto nguo ya sikukuu baada ya sikukuu?”

“Nakusikia, dada. Kwani hakuna gari nyingine?”

“Nimezunguka tangu alfajiri. Wote wana mizigo.”

Mwenye pikapu ni mzee Liang, dereva anayewabebea mizigo Watanzania wengi mjini hapa. Jana gari lilimpotezea nguvu mara tatu njiani. Gereji mbili zimeshambadilishia sensa ya ekzosi, kifaa kinachopima moshi, na mara zote mbili taa imerudi. Gereji ya tatu ilileta kompyuta, lakini gari ni la zamani mno, hata pa kuichomeka hapakupatikana.

Sasa mzee Liang anamsogelea Hafidh. Anamwita “shifu”, neno ambalo Wachina humwitia fundi kwa heshima, na anamwomba jambo moja kwa sauti ya chini. Hafidh anatikisa kichwa. Mzee anarudia. Hafidh anatikisa kichwa tena.

“Anataka nitoe balbu,” Hafidh anaeleza. “Taa isionekane, mteja apande, safari iende.”

Aliwahi kuitoa.

Mwaka 2004, dereva mmoja alimletea kigari cha abiria chenye taa kama hii. Alikuwa na haraka, na Hafidh alikuwa amefanya kazi siku kumi na moja bila kupumzika. Alichomoa balbu kwa dakika tano. Kesho yake injini ilizima katikati ya barabara kuu ya kuelekea Shiling, na lori likakigonga kigari kwa nyuma. Ndani alikuwemo Sia, mfanyabiashara kutoka Moshi aliyekuwa akienda kununua mikoba. Alivunjika nyonga. Mpaka leo anatembelea mkongojo.

“Hakujua kama ni mimi,” anasema Hafidh. “Nilikwenda kumtazama hospitali, nikampelekea matunda, akanishukuru. Yale matunda yalinitesa kuliko matusi.”

Ilimchukua miaka miwili kumpigia Sia simu huko Moshi na kumwambia ukweli. Sia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Basi, Hafidh. Usimfanyie mwingine.”

Saa nne kasoro. Injini inanguruma. Hafidh anapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira ya hewa, mmoja baada ya mwingine, huku ametega sikio. Pakiwa na tundu, dawa itanyonywa na mlio utabadilika. Haubadiliki. Anafunga macho, anaegemea ubavu wa gari. Kuluthumu anadhani amezidiwa.

“Kaka, kaa kivulini kidogo.”

“Nikikaa sinyanyuki.”

Anamwambia mzee Liang akanyage mafuta. Injini inatikisika, na mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye kichujio unajivuta. Hafidh anapitisha vidole chini yake, mahali ambapo jicho halifiki. Anasimama. Kwenye mkunjo wa chini kuna ufa wa urefu wa kidole. Injini ikitulia unafumba. Injini ikivuta unafumbuka.

“Ndiyo wewe,” anauambia mpira.

Anakwenda kwa miguu mtaa wa vipuri na kurudi na mpira wa gari lililovunjwa. Anaufunga, anachomoa fyuzi ili kumbukumbu ya injini ifutike, anairudisha. Kisha anapanda na mzee Liang, mzigo ukiwa nyuma, wakapande daraja la juu mara mbili. Wanarudi taa ikiwa imezima. Pikapu inaondoka saa sita na robo.

Hafidh anakalia tairi kuukuu. Mshahara wake ni yuan 1,900 kwa mwezi. Zaidi ya nusu huenda Unguja kwa mkewe, Mwanakhamis. Alikuja mwaka 2001 kumnunulia tajiri wake vipuri kwa wiki tatu. Tajiri alifariki, duka likafungwa, naye akabaki.

Saa nane kasoro dakika ishirini simu inalia. Ni Kuluthumu. Mzigo umepokelewa. Hafidh anasema “Alhamdulillahi” mara moja tu, na kurudi chini ya gari jingine.

Amekwishamuaga mwenye gereji. Baada ya Idd Kubwa ataondoka. Mwanakhamis amepata chumba cha kukodi Mwanakwerekwe, huko Unguja, kando ya barabara, chenye sakafu ya saruji na mlango mpana wa kupitisha gari. Hafidh anataka kufungua gereji hapo.

Anapoulizwa kama hiyo ndiyo itakuwa raha yake, anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Raha gani? Kazi ni hii hii. Kuchoka nitachoka tu,” anasema. “Lakini nataka nichokee kwetu.”