Sauti Kutoka Sayari Nyekundu

Kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Kwa hiyo mimi nilisoma kwa sauti na darasa la sita likasikiliza, katika shule yetu ya kijijini huku Chemba, upepo ukitikisa mabati. Ilikuwa hadithi ya watoto wanaoishi chini ya ardhi kwenye sayari nyekundu. Kila sura, sauti huwaita kwa majina kutoka nje, kwenye vumbi, mahali pasipo na mtu. Anayeitika hana budi kutoka kuifuata.

Shujaa wa hadithi alipoitika, darasa likachafuka.

"Huyo hana akili!"

"Kwao hawakumfundisha?"

Huku mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa na usiyemwona, ziba mdomo, ungoje aite tena. Mtu ataita tena. Kisicho mtu huita mara moja tu. Mimi si mwenyeji, na mambo hayo hunichosha. Nikawatania, "Na simu je? Anayewapigia mnamwona?" Wakacheka wote isipokuwa binti mmoja anayelelewa na bibi yake. Mama yake alikwenda Mtumba kuwapikia mafundi wa majengo ya serikali, na tangu masika simu yake haipatikani.

"Mwalimu," akauliza, "akishaitika, anafika kweli kwa aliyemwita?"

"Anafika," nikamjibu harakaharaka. Ndivyo kitabu kilivyosema, na nilitaka kuendelea na somo.

Siku chache baadaye, mchana wa jua kali, nikiwa katikati ya sura nyingine, upepo ukakatika ghafla. Mabati yakatulia. Nje, upande wa korongo, sauti ya mwanamke ikaita jina la yule binti. Mara moja. Asiniambie mtu kwamba nilikuwa nasinzia. Niliisikia vizuri kabisa. Watoto wote wakaziba midomo kwa viganja. Nami, na shahada yangu, nikajikuta nimeziba wangu.

Binti akasimama. "Abee, mama!"

Nilitoka kwa hasira, nikazunguka darasa kumtafuta mchokozi. Uwanja ulikuwa mtupu, na vumbi la upande wa korongo halikuwa na unyayo hata mmoja. Nilirudi ndani lakini sikuweza kusoma tena.

Niliogopa, sifichi. Kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa, nilimshika binti mkono nimpeleke mwenyewe kwa bibi yake. Tulipofika njia panda, moja ikienda kwao na nyingine ikishuka korongoni, akasimama. Mkono wake mdogo ukaanza kunivuta kuteremka, bila papara, kwa nguvu za mtu mzima.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Bibi anakungoja."

"Niachie, mwalimu," akasema kwa upole, kama anayenionea huruma. "Mimi nimeshaitika."