Nilimkalisha Mwaitu kwa kiti miezi saba, mazoezi ya kinesiology yakamwinua

Wakuu, salamu kwa wote humu. Leo najianika mwenyewe, na sitapunguza kitu ndio nionekane mzuri.

Niko na agrovet ndogo, duka la mbegu na dawa za mifugo, hapa Kalamba. Mwaitu, yaani mama yangu, ameteka maji mtoni maisha yake yote. Mtungi wa lita ishirini mgongoni, mukwa kwa paji la uso. Kwa wenye hawajui, mukwa ni ile kamba ya ngozi wamama wa kwetu hubebea mzigo.

Mwaka jana akateleza akipanda kutoka mtoni, akaangukia nyonga. X-ray ikaonyesha hakuna mfupa umevunjika. Daktari akasema apumzike wiki mbili, halafu aanze kutembea pole pole.

Hapo ndio nilijifanya daktari kuliko daktari.

Nikanunua kiti ya plastiki yenye mikono, nikaiweka hapo mlangoni. Nikapiga marufuku jembe, maji, hata jikoni. Mukwa nikaificha juu ya dari ya stoo. Watu wa kanisa wakanisifu, ati huyu anajua kulea mzazi. Kichwa ikavimba.

Miezi saba wakuu. Mapaja yakaisha. Ikafika mahali hawezi kuinuka bila mimi na mke wangu kumshika, hata kwenda choo. Mama mwenye alikuwa akiita ng'ombe kijiji kizima kinasikia, sasa anaongea chini chini. Nikaanza kuulizia wheelchair. Niliumia sana, na sikuambia mtu.

Mteja mmoja akaniambia kuna dada wa kinesiology huja Mbumbuni kila Alhamisi. Nikamuuliza, kine-nini? Kumbe amesomea vile mwili hutembea, misuli na viungo, anakurudisha kwa mazoezi.

(Kuna wengine wanatumia hilo jina, wanakushika mkono tu wanakutajia magonjwa yako yote. Hao wapite mbali. Huyu aliitisha X-ray kwanza.)

Akaja nyumbani. Kabla aguse nyonga akauliza, "Mama, kabla uanguke, siku yako ilikuwa ya kufanya nini?"

"Kuinama na kuinuka."

"Na sasa?"

Mwaitu akaninyoshea kidole. "Uliza huyu. Alininunulia kiti ya kungojea kufa."

Wueh! Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Niliporudi, dada alikuwa anataka kamba ya nguvu. Mwaitu akasema, "Mukwa yangu iko kwa dari ya stoo." Kumbe alijua siku zote!

Dada akaifunga kwa nguzo ya mlango. Mwaitu avute kwa mikono, ainuke kwa kiti, akae tena. Siku ya kwanza aliweza mara mbili, akatetemeka mwili wote. Nikataka kumshika. Dada akaniambia, "Baba, rudi nyuma."

Asubuhi na jioni, kila siku. Zikawa tano, zikawa kumi. Baadaye bila kamba. Halafu hatua kuzunguka boma, halafu mpaka kwa mwembe wa jirani. Kuna wiki aliumwa akakataa kabisa, akatutukana sote. Dada akapunguza, wakaendelea. Hii kitu si muujiza, ni kurudia tu mpaka uchoke.

Mwezi wa nne wa mazoezi, naamka napata kiti tupu. Mukwa haiko mlangoni. Nilikimbia mtoni na slippers.

Nikampata anapanda ile njia yenye alianguka. Pole pole, kibuyu cha lita tatu mkononi, vile dada alimruhusu. Mukwa ameivaa tu begani.

Nikanyoosha mkono nimpokee maji. Akanipita.

"Wewe umechoka, mwana wakwa. Enda ukae kwa kiti yako."

Nililia hapo kwa njia kama mtoto, na sioni haya.

Wakuu, upendo wangu karibu umlemaze mama. Kama kuna mzazi umemkalisha ati anapumzika, muulize daktari kama anaweza kusonga, halafu umwache asonge. Nani mwingine alifanya hii makosa? Semeni hapa chini, hata matusi napokea.

Kiti nilileta dukani. Naandika nikiwa nimeikalia.