Ushuhuda wa Mafuta Yanayopanda

Wandugu zangu, nimeshaanguka sokoni na beseni la unga kichwani, nimeshaingia kanisani siku ya Pasaka na kitenge nimekivaa nje ndani, lakini aibu yenye ilinipata siku ya ndoa ya binti yangu Furaha, mbele ya Pasta, kwaya na wakwe wote, hiyo hata nikizeeka meno yakaisha nitaendelea kuisikia masikioni. Nawapa yote, maana wengine mmeisikia nusu nusu kwa watu wa Mulongwe, na watu wa Mulongwe wanapenda kuongeza chumvi.

Minye, mimi mwenyewe, ni shofere wa taksi hapa Uvira (ndiyo, mama, na anayeshangaa ashangae), na motokari yangu ni ya Kijapani, kuukuu, lakini ina turbo, ile mashine yenye inapulizia motere hewa kwa nguvu, ukikanyaga inalia fiii na mgongo unabaki umeshikamana na kiti. Essence, yaani petroli, ilipoadimika, watu wa garaje walinibadilishia sindano za mafuta nikaanza kuitembeza na alkoli ya miwa, si kanyanga ile ya kunywa, hapana, alkoli kali yenyewe, muntu akiinywa anaona malaika kabla ya saa yake. Na turbo inaipenda alkoli, ukiikanyaga mpaka chini haipigi kelele za kugongagonga, nguvu inapanda tu. Sasa kanisa letu ni la walokole, pombe hatugusi, na ukikutwa unanuka pombe unatiwa nyuma, yaani unakaa benchi la mwisho, huimbi, hushiriki meza ya Bwana, na huwezi kusimama na mtoto wako siku ya ndoa yake. Kwa hiyo mbele ya wapendwa nilisema tu motokari yangu inatembea na mafuta ya miwa, nao wakafikiri mambo ya sukari, wakasema Mungu ni mwema, minye nikanyamaza.

Mkasa wenyewe ulianzia dukani, siku nilienda kununua mafuta ya motere, yale ya kulainisha vyuma ndani. Garaje walikuwa wameniambia wazi, na nilisikia vizuri: motere yenye kunywa alkoli na kukimbizwa kwa namna yako inataka mafuta mazito, yenye dawa ya kupigana na asidi, na uyabadilishe mapema, kwa sababu alkoli yenye haikuungua inateremka kando ya pistoni, inaingia chini, inachanganyika na mafuta. Basi nikafika dukani, macho yakaangukia bidoni moja, dumu dogo la rangi ya dhahabu, picha ya motokari ya mashindano juu yake, mafuta mepesi kama maji. Nikamuuliza muuzaji kuhusu yale mazito, akasema, "Mama, yale ni ya kamyo."

Neno hilo lilinichoma. Minye na turbo yangu, tutiwe mafuta ya kamyo, ya lori la mizigo? Nikabeba la dhahabu, nikatoka dukani nikitembea kama bibi harusi.

Majuma yaliyofuata kazi yangu ilikuwa safari fupi fupi, kuchukua wamama wa soko Kavimvira kuwatupa Kalundu bandarini, kuzima, kungoja, kuwasha, motere haipati hata nafasi ya kuchemka sawasawa. Asubuhi moja nikachomoa jauge, ule ufito wa kupimia mafuta, nikakuta mafuta yamepanda kidogo. Nikafuta, nikapima tena. Juma lililofuata yamepita alama ya juu, na sikuongeza hata tone. Muntu mwenye akili angenusa tu ule ufito, kazi ikaisha. Minye nikaangalia mbinguni nikalia machozi.

Jumapili wakati wa shuhuda nikasimama. Nikasema, "Wapendwa, motere za wenzangu zinakula mafuta. Yangu inayazaa." Eh, kanisa lilisimama. Kwaya ikapiga pambio, watu wakatoka nje wenyewe kwenda kuona, na Mzee Lazaro, muzee wa kanisa mwenye kulinda nidhamu (yule hata ukipiga chafya anakuuliza ulikuwa wapi jana), akashika jauge juu kwa mikono miwili watu waione. Mama Riziki, jirani yangu, akaomba tone moja apake goti lake lenye linamsumbua, akapaka, akafunga macho, akasema linapoa kabisa, linapoa mpaka ndani. Bila shaka lilipoa, ni alkoli. Lakini siku ile nani angejua? Niliitwa Mama Mafuta kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, na nawaambia ukweli, nilivimba.

Ndipo ikafika Jumamosi ya ndoa. Kwetu bibi harusi haendi kanisani kabla bibi yake hajamwekea mikono, na bibi ya Furaha iko Nyakabere, kule bondeni, tukaenda naye asubuhi polepole kwa sababu ya gauni. Na bibi akianza kuomba, wandugu, anaombea mpaka ng'ombe waliokufa zamani. Tulipotoka pale saa ilikuwa imekwisha kwenda, na Pasta alikuwa amesema wazi kwamba kuna ndoa nyingine nyuma yetu, tukichelewa wale wataingia, sisi tutangoja mpaka apate nafasi, na wakwe walikuwa wametoka mbali, chakula kiko tayari motoni. Furaha akaniambia, "Mama, kanyaga."

Nikakanyaga. Ile barabara ya bondeni niliimeza, turbo inalia, vumbi nyuma kama moshi wa kuchoma shamba, mitumba ikiruka kwenye vibanda vya njiani, na Furaha nyuma ameshika shela kwa mikono miwili anacheka na kuogopa pamoja. Yenye sikufikiri ni kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza tangu bidoni la dhahabu motere kupata moto wa kweli. Majuma yote yale alkoli ilikuwa imelala chini ndani ya mafuta, baridi, imetulia, na sasa ilianza kuchemka kama chungu cha maharage chenye kifuniko kimekazwa.

Tukaingia uani kwa kanisa kwa wakati, kwaya imejipanga na vitenge vyake vipya, bwana harusi Danieli mlangoni anapangusa jasho, Mzee Lazaro pembeni yake. Niliona taa nyekundu ya mafuta imewaka, nikasema nitaiangalia baadaye, lakini moshi ukaanza kutoka kwenye boneti, ikabidi nishuke na kuifungua. Jauge ikaruka, pwaa, na nyuma yake povu jeupe, jingi, la moto, likanipiga kilemba na kifua, na moshi ukatanda mpaka kwaya haikuonana. Halafu harufu ikaja. Kanisa lote likanuka kama kilabu cha kanyanga.

Mzee Lazaro akaja mbele yangu, akanusa mara moja tu.

"Mama Furaha, weye uko umelewa?"

"Minye? Mzee, minye sijaonja hata siku moja."

"Basi hii harufu ni ya nani?"

"Ni ya motere, Mzee."

Watu wakaanza kuguna. Mzee akasema sheria ni sheria, mama mwenye kunuka pombe hapeleki mtoto mbele ya madhabahu, ndoa isimame, wazee wa kanisa wakae kwanza kwenye baraza. Kule nyuma ndoa ya pili ilikuwa imeshafika, ninaona motokari zao zimefungwa maua, wanatuchungulia. Furaha alifungua kioo, machozi yameanza kuharibu poda, akasema, "Mama, waambie." Ile sauti yake iliniumiza kuliko povu la moto.

Pasta alikuwa ametoka. Ni muntu mpole, hapendi vurugu, akasema kama ni ulevi kinywa kitasema, wamama wawili wanuse. Basi nikapanuliwa kinywa pale uani, mbele ya wakwe, na Mama Riziki ndiye aliyetangulia, akanusa, akatulia, akanusa tena, halafu akatangaza kwa sauti ya kwaya, "Ndagala na kitunguu. Na ndagala ni za jana."

Walicheka wote. Hata wakwe walicheka. Lakini Mzee Lazaro hakucheka, aliokota jauge chini, akaipitisha puani, akaninyooshea.

"Kumbe hii ndiyo muujiza yenye tuliimbia?"

Hapo kicheko kikakatika. Nikamwona Mama Riziki anaangalia goti lake. Nilitamani mto Ruzizi uje unichukue. Lakini mtoto wangu alikuwa analia ndani ya motokari, na aibu ikizidi sana inakuwa kama baridi ya maji, ukishaingia mpaka shingoni huisikii tena. Nikapanda kwenye ngazi ya kanisa, povu bado linanitiririka, nikasema kwa nguvu, "Wapendwa, ushuhuda wangu naurudisha. Mungu hakuongeza mafuta. Ni alkoli ya motokari iliteremka ndani, kwa sababu nilichagua mafuta mepesi ya bidoni la kujipamba, na sikuyabadilisha, na sikuchemsha motere, halafu nikaja hapa kumsingizia Mungu. Kosa ni langu. Msimpige mtoto kwa ajili yangu."

Halafu shofere mmoja wa upande wa bwana harusi, kutoka nyuma, akauliza, "Sasa mama, muntu wa alkoli aweke mafuta gani?" Na minye, wandugu, nikajibu, nikasahau hata niko wapi: aweke mazito, yenye hayageuki maji yakichanganyika, yenye dawa ya asidi, ayabadilishe mapema, akitembea mjini tu, siku moja moja aende mbali motere ichemke alkoli itoke, na akiona yamepanda kwenye jauge asifurahi. Mwingine akauliza juu ya turbo, nikamwambia asizime haraka baada ya kuikimbiza, aiache ipumue. Wakaanza kuitikia, nikaona hata Pasta anaitikia, na mwisho akainua mkono.

"Kanisa letu linatenga watu," akasema, "halijawahi kutenga motere. Na mwenye kurudisha ushuhuda wa uongo mwenyewe, bila kukamatwa na baraza, huyo hatumtii nyuma. Bibi harusi aingie."

Mzee Lazaro yeye mwenyewe akaenda kufungua mlango wa motokari. Niliingia kanisani nimemshika Furaha mkono, kilemba changu kimelowa, ninanuka kuliko kanyanga yote ya bonde, na kwaya ikaimba kwa nguvu ambayo sijaisikia tena. Furaha alikubali kwa sauti ya juu, Danieli akaitikia kwa sauti ya chini, wakafungishwa. Nililia mpaka povu likatoka usoni lenyewe.

Na haikuishia pale. Wengine walipokuwa wanapigwa picha, mashofere wanne walikuwa wamelala chini ya motokari yangu wanamwaga mafuta, yakatoka meupe kama chai ya maziwa. Wakaniletea mabidoni mawili nichague, moja jepesi, jingine la mjomba wa Danieli mwenye kuendesha kamyo, na nikaonyesha lile la kamyo kwa kidole bila kuuliza bei wala rangi, wakapiga makofi. Tukaisafisha, tukaijaza, nikaiwasha, ikatulia vizuri, taa nyekundu ikazimika. Wakwe walikuwa wameleta motokari yao kubwa ya kumbeba bibi harusi, lakini Furaha akainua gauni lake akaja kukaa nyuma yangu, akasema kwa wote, "Minye ninaenda na mama." Msafara wote ukatufuata kando ya ziwa mpaka Kalundu, honi zinalia, turbo inalia juu yao wote, na watu wa soko wamesimama barabarani wanapunga vitenge.

Jumatatu Mzee Lazaro alikuja kwangu kimya kimya, kofia mkononi, akaniomba niende kuangalia jenereta ya kanisa, eti mafuta yake nayo yameanza kupanda. Nikaenda, nikanusa, nikamwambia ni essence imepita kando ya pistoni ikaingia ndani ya mafuta. Sasa nimeapa mbele yenu: siku mafuta yangu yakipanda tena, sitasimama kanisani kwanza. Nitachomoa jauge, nitanusa, halafu ndiyo nitaamua kama ni Mungu ao ni alkoli.