Boma Zima Lina Simu Moja

Admin, jina langu lisitokee, maana mume wangu anafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Karatu, nakaa mapokezi katika hospitali moja ya binafsi. Mume wangu ni fundi wa kompyuta hapo hapo.

Mfumo wetu wa zamani wa kompyuta, unaotunza mafaili ya wagonjwa, ulikuwa umechoka, unaganda huku wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. Ukaletwa mpya. Nikamsihi mume wangu, "Baba Neema, tuanze na famasi kwanza, huo wa zamani uendelee pembeni tuwe tunalinganisha." Akacheka. "Mama Neema, wewe pokea wagonjwa, kompyuta niachie mimi." Ijumaa akahamisha mafaili yote kwa mpigo, akauzima wa zamani.

Mfumo mpya unamtambua mgonjwa kwa namba ya simu. Jamani, wagonjwa wetu wengi wanatoka maboma ya Ngorongoro, na boma zima lina simu moja, ya mzee! Wake wawili wa mzee mmoja wakageuka mtu mmoja. Faili la mke mdogo likafunika la mke mkubwa, lililokuwa na onyo kwamba sindano fulani inamdhuru.

Huyo mkubwa nilizoea kumwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Alikuwa ananiletea maziwa kwenye kibuyu na kunitania kwamba kazi yangu ni kukaa tu. Siku hiyo aliletwa hajitambui kwa homa. Nesi akaangalia kompyuta, hakuona onyo, akamchoma sindano ile ile. Yeyo wangu hakuamka tena.

Nilipofungua faili lake nikakuta limeandikwa ana mimba ya miezi mitano, bibi wa watu. Nikaelewa kilichotokea. Nikamwonyesha mume wangu, akasema, "Ukifungua mdomo, mimi naenda jela." Mzee naye akaja kutushukuru. "Mwanangu, mlijitahidi. Mungu amemtaka." Nilishindwa kumtazama usoni.

Juzi amemleta mke mdogo kliniki. Nikaandika namba ya simu, kompyuta ikaniambia mgonjwa huyu amefariki. Naye yuko mbele yangu, ameshika tumbo lake, anasubiri nimpokee.

Ndugu zangu, nikisema, wanangu watampoteza baba yao. Nikinyamaza, nitaishije? Nishaurini nifanye nini, maana juzi niliwarudisha kwa kisingizio kwamba kompyuta ni mbovu, Alhamisi wanarudi, na mzee ameniambia mkewe atajifungulia kwetu kwa sababu anatuamini.