Viti Vyekundu vya Tajiri wa Mbata

Jirani yetu wa Chumbageni, tajiri wa biashara ya mbata, yaani nazi zilizokaushwa, alipoagiza motokaa yake aliulizwa viti viwe vya kitambaa au vya ngozi. Alichagua ngozi nyekundu, na tangu siku hiyo hapandi mtu na viatu. "Humu ni kama sebuleni kwangu," hutuambia, huku akipapasa kiti kwa mgongo wa mkono kama anayepima homa ya mtoto. Sigara havuti, lakini kila abiria mgeni lazima aonyeshwe kiwashio cha sigara kinavyochomoka chenyewe kikishapata moto.

Jumamosi moja alitupeleka Pangani, mimi na mke wangu, kwenye harusi ya mpwa wake. Tulivua viatu, tukaingia kwa adabu, naye akaendesha peku, akitunyamazisha ili tusikie jinsi injini isivyosikika. Tulipofika tukafungua milango, wageni wote wakitutazama, ndipo tukaangalia chini. Jozi zetu tatu zilikuwa zimebaki Chumbageni, zimepangwa vizuri kando ya barabara. Mke wangu akaziba mdomo. Tajiri alitazama nyayo zetu, akakipapasa kiti, akaikung'uta kanzu yake ya darizi na kutangulia.

"Si kitu," akasema. "Hata pale mlangoni tungevua."