Tumbo Lisilotajwa

Nasema wazi: sijawahi kuonja pombe, wala ini langu halijawahi kuugua. Lakini mwezi wa nane wa mimba yangu ya kwanza, nyumba nzima pale Ruziba ilikuwa imeshanihukumu.

Miguu ilinivimba, nikachoka hata kusimama. Jirani yetu muuguzi akaja kunitoa damu nyumbani, na mama mkwe akapanda basi kuipeleka maabara Bwiza. Majibu yaliporudi, mume wangu aliyasoma kwa sauti: kimeng'enya kiitwacho fosfatasi kimepanda mno, ini lichunguzwe. Mama mkwe akapiga makofi.

"Si nilisema! Huyu anakunywaka pombe kwa siri."

Jamani! Mimi, niliyelelewa na walokole!

Jioni akaniletea kikombe cha majani machungu, ya kusafisha ini. Niliijua dawa ile. Dada yangu aliinywa akiwa mjamzito, mimba ikaharibika.

"Apana, mama. Mi sitakunywa."

"Basi kesho utarudi kwenu."

Mume wangu akakunja yale majibu, akatoka nje. Nilikasirika, na niliogopa pia, sitadanganya. Mtoto alikuwa anacheza tumboni huku wao wakitaka kumnywesha sumu.

Asubuhi nikajikokota mpaka Bwiza, nikasimama mbele ya mpimaji, tumbo likigusa meza yake. Akanyanyua macho, akaduwaa.

"Mama, kumbe uko na mimba?"

"Kwani wewe unaona gunia la mihogo?"

"Lakini mama mwenye alileta damu, nilimuuliza. Alisema apana."

Akanivutia kiti. Akanieleza kwamba kimeng'enya hiki hutoka kwenye ini na mifupa, lakini kondo la nyuma nalo hukitengeneza, na miezi ya mwisho hupanda hata kwa mwenye afya njema. Damu yangu alikuwa ameilinganisha na ya wanawake wasio na mimba. Akanitoa nyingine, akapima na vimeng'enya vingine vya ini, akanituma nikapimwe presha. Vyote vilikuwa sawa.

Nilijua kwa nini mama mkwe alisema apana. Kwetu tumbo halitangazwi. Mimba haitajwi mbele ya mgeni, macho mabaya yasije yakaifikia, na ukienda sokoni unajifunga kitenge juu ya kitenge. Akaficha mpaka mbele ya mtu aliyetakiwa kujua.

Niliporudi nyumbani nilimkuta uani na wageni wake, kikombe kipya kikinisubiri.

"Mama, sababu gani uliwaficha watu wa maabara?"

"Nilikuwa nachunga mutoto! Watu wako na macho mubaya."

"Ukamuchunga kule, halafu ukataka kumuua hapa na kikombe?"

Nikakimwaga palepale, matone yakamrukia miguuni. Wageni wakashika vinywa. Heshima? Heshima ningeitafuta kesho. Nikatoka hadi barabarani, nikafungua vile vitenge, nikapaza sauti mpaka koo likauma:

"Mi niko na mimba! Miezi munane! Mwenye macho mubaya akuje aangalie vizuri!"

Mwanamke mmoja muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, akasimama, beseni kichwani, akanitazama juu mpaka chini.

"Mama, hiyo tunaionaka tangu zamani. Mulikuwa munamuficha nani?"