Kikombe cha Ukwaju

Juzi, kwenye uwanja wa shule pale Kilole, nilimkuta baba mmoja akimfokea binti yake aliyepoteza mpira, mishipa ya shingo imemtoka. Ghafla nikasikia harufu ya ukwaju.

Nilipokuwa mwanafunzi, siku tuliyocheza netiboli Kang'ata na shule ya jirani, mama alikuja na kidumu cha juisi ya ukwaju, amekifunga kitambaa kibichi kisipate joto. Mimi nilikuwa mlinzi wa goli. Mfungaji wao, binti mrefu, alifunga juu ya kichwa changu kila alipotaka, na kila alipofunga, sauti ya mama iliwapita wazazi wote.

"Ruka, we gogo! Unaniaibisha!"

Mchezo ulipokwisha tumefungwa, mwalimu wa michezo alinipigisha magoti kwenye changarawe, mikono juu.

"Mchape tu, Mwalimu," mama alisema. "Mimi nimeruhusu."

Fimbo ililia mgongoni. Mimi sikulia, kwa sababu nilijua kidumu kile ni changu. Mama akakatiza uwanja, akammiminia yule mfungaji kikombe kikajaa.

"Kunywa, mwanangu."

Leo naelewa. Siku ile nilidhani vumbi limemwingia machoni, amemfananisha na mimi, maana sote tulivaa sketi za bluu. Mikono yangu ilikuwa bado juu, basi nikaipunga.

"Mama, mimi niko huku!"

Aligeuka, akanitazama usoni, vizuri kabisa. Kisha akamwongezea yule binti kikombe cha pili.